Karani wa Pole

Ipo nchi iitwayo Karibuni. Msiitafute kwenye ramani. Ramani zilichorwa na watu waliokuwa na haraka. Jina la nchi hiyo limewaponza wengi. Mtu anatoka kwao mbio, anakimbia anachokikimbia, anafika mpakani hoi bin taaban, anainua macho na kuona bango kubwa la rangi: KARIBUNI. Machozi yanamlengalenga, anaingia. Kumbe maskini hakukaribishwa, alikuwa anaarifiwa tu amefika nchi gani. Serikali imelifafanua jambo hili mara nyingi, kwa upole na kwa virungu, lakini watu ni wazito wa kuelewa.

Miongoni mwa walioingia kwa kutoelewa huko walikuwamo Mashavu na mama yake, Bi Kidawa. Kwao ni Bondeni, nchi jirani, na walitoka huko mwaka ule mvua zilipoacha kunyesha bunduki zikashika zamu. Mashavu akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mama yake akakaa chumbani, akishona vitambaa vya meza na kuwasalimia wapita njia kupitia dirishani. Kadi ya uraia hawakuwa nayo, wala kibali. Zamani watu kama hao waliitwa wahamiaji haramu, mpaka Bunge la Karibuni likaona neno hilo linaudhi. Siku hizi wanaitwa Ndugu Wasiotarajiwa. Wanakamatwa vilevile, ila kwa heshima.

Mashavu alikuwa amejifunza kuishi bila kutarajiwa. Alitembea kama mtu anayekwenda kwake hata pale alipokuwa hajui aendako. Akimwona askari hakubadili mwendo, ila mate yalimkauka kinywani kama maji juu ya bati la mchana. Na alikuwa na kanga ya Sikukuu ya Taifa, ile iliyogawiwa bure ikiwa na maandishi TUNASHUKURU MAPEMA. Ukijifunga kanga hiyo hakuna anayekuuliza kitu. Nani atavaa maneno kama hayo kama si mwananchi?

Bi Kidawa hakujifunza kujificha. Yeye alikuwa na adabu, na adabu yake ilikuwa ya kutisha. Akigonga meza kwa goti aliiomba meza radhi. Mwizi aliyeingia chumbani mwao mwaka wa kwanza alikaribishwa uji, akaunywa, akaondoka ameacha kila kitu na kuchukua mzigo wa aibu.

Basi asubuhi moja Mashavu alimkuta mama yake amejikunja mkekani, jasho linamtoka, mkono umeng'ang'ania upande wa kulia wa tumbo.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama tu, mwanangu."

"Salama gani na umekunjana hivyo?"

"Salama ya Mungu. Tumbo ndilo halikuamka salama."

Ilipofika saa ya chai, Bi Kidawa alikuwa anatapika na kuiomba radhi ndoo. Hapo Mashavu akaogopa. Hakuogopa ugonjwa peke yake. Aliogopa hospitali, na hospitali yenyewe hakuiogopa kwa sindano zake.

Lazima tuieleze hospitali hiyo, la sivyo mtasema binti wa watu alikuwa mwoga tu. Katika nchi ya Karibuni hakuna mgonjwa anayenyimwa matibabu. Jambo hilo limo katika Katiba, limo katika nyimbo za shule, na Waziri wa Afya na Wageni hulitamka kila anapokwenda ng'ambo akapigiwa makofi mpaka anaona haya. Sheria inasema hivi: asiye na kadi atatibiwa mpaka pale atakapotamka mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba amepona. Akishatamka, atarudishwa kwao siku hiyohiyo, mzima wa afya. Hapana daktari wala askari wa kumwamulia. Sheria tamu kama nini. Wabunge walilia siku walipoipitisha.

Ndipo ikagunduliwa tabia ya watu wa Bondeni. Raia wa Karibuni ukimpa pole husema "asante", mambo yakaisha. Kule Bondeni asante ni ya mtu aliyepewa kitu cha kushika mkononi. Pole jibu lake ni moja, alilolinyonya mtoto pamoja na maziwa: "Nishapoa." Hata mtu awe amevunjika mguu, hata awe anatoka kuzika. Pole isiyojibiwa, wanasema, humrudia aliyeitoa na balaa lake lote, kwa hiyo kunyamaza ni sawa na kumlaani mwenzio.

Wataalamu wa Wizara wakakaa wakalichunguza neno hilo. Nishapoa: nimekwisha kupoa. Aliyepoa si amepona? Mahakama Kuu ikaulizwa, ikajibu kwamba maneno ya mwenye kadi ni adabu, na maneno ya asiye na kadi ni ushahidi. Basi tangu hapo kila hospitali ikaajiri Karani wa Pole.

Mashavu alipiga magoti kando ya mkeka. "Mama, leo nina ombi moja. Leo usiwe na adabu."

"Nisiwe na nini?"

"Mtu akikupa pole, usijibu. Nyamaza kama jiwe."

Bi Kidawa alikuwa amepindana kama ndoana, lakini nguvu ya kushtuka aliipata. "Mashavu. Mtu akupe pole unyamaze? Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Basi usinitie aibu mbele ya ndoo."

"Hiyo si pole, ni mtego. Ukijibu watakutupa Bondeni na tumbo lako hilohilo, na Bondeni hakuna hata wa kukupa maji."

"Aliyeitia sumu pole yake ni juu yake. Mimi natoa yangu safi."

"Utakufa, mama."

Alilisema kwa sauti ndogo, na akaogopa kwamba amelisema.

"Hata kwa kichwa nisiitikie?"

"Hata kwa kichwa."

"Nyusi je?"

"Mama."

"Nauliza tu, bibi wee. Usinikaripie na mimi mgonjwa."

Wakapatana kwamba mama ataing'ata ncha ya kanga yake, na neno likimpanda kooni ang'ate zaidi. Muuza maji wa mtaani akawaazima mkokoteni wake, na Mashavu akamsukuma mama yake hadi hospitali kuu. Juu ya lango lake pameandikwa kwa herufi za dhahabu methali ambayo kila mtoto anaijua: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Mlinzi wa lango alikuwa kijana mnene mwenye filimbi. "Hujambo, mama?" akamwambia Bi Kidawa, akatega sikio.

Mashavu aliona midomo ya mama yake inaanza kuachia kanga. Akarukia kati. "Atakuwaje hajambo, afande? Mtu asiye na jambo anakuja huku kutafuta nini?"

"Namuuliza yeye."

"Na mimi nakujibu kwa kuwa nina meno."

Mlinzi aliitazama kanga ya Sikukuu aliyojifunga Mashavu, akasoma TUNASHUKURU MAPEMA, akapiga filimbi wapite. Mashavu alipita akitabasamu. Jambo moja lilimpa afueni: lugha yenyewe ina huruma. Kila mwanamke mzima huitwa mama, hivyo angeweza kumwita mama yake mama mbele ya askari wote wa Karibuni wasijue kwamba ni kweli. Wote walimdhani jirani mwema.

Mapokezi palikuwa na madirisha mawili, la Wananchi na la Ndugu. Penye dirisha la Ndugu alikaa Bwana Latifu, Karani wa Pole. Alikuwa mtu safi, shati jeupe, kucha zimekatwa. Kabla ya hapo alisoma matangazo ya vifo redioni, na Wizara ilimchukua kwa ajili ya sauti ile iliyowafanya watu kulilia marehemu wasiowajua.

Mbele yao alikuwapo mwanamume wa Bondeni amebebwa mgongoni na nduguye, mguu unaning'inia kama kamba. Bwana Latifu alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Masikini ndugu yangu," akasema. "Pole sana."

"Nishapoa, bwana."

Kengele ikalia. Wauguzi wawili wakapiga makofi. "Hongera," Bwana Latifu akasema, macho yanameremeta kwa furaha ya kweli. "Umepona mapema kuliko wote leo."

"Nimepona nini? Mguu umekatika huu."

"Huo ni unyenyekevu. Kauli ya kwanza ndiyo kauli."

Wakamchukua kupitia mlango wa nyuma, naye akipiga kelele mpaka mlango ulipofungwa. Huko uani liliegeshwa Gari la Waliopona, lori lililochorwa maua ubavuni, lenye vipaza sauti viwili vya kupigia nyimbo za shukrani. Waziri anapenda kusema kwamba nchi nyingine wagonjwa wao hupona wodini, ila Karibuni imepiga hatua, watu wanapona mapokezini.

Mashavu alitaka kugeuza mkokoteni. Miguu ilikwisha kugeuka, ila mama yake akatoa mguno, mdogo, wa mtu asiyetaka kusumbua. Akasogea dirishani.

"Mama yangu," Bwana Latifu akamwambia Bi Kidawa, akiinama kwa adabu. "Pole."

Kimya. Kanga ikatoa mlio wa kitambaa kinachokatwa na meno.

"Pole na safari."

Kimya. Macho ya Bi Kidawa yalikuwa yanaomba radhi yenyewe, yanapepesa kama ya mtoto aliyekatazwa kula mbele ya wanaokula.

"Poleni na foleni. Pole na joto hili. Pole na uzee."

Kimya. Bwana Latifu akakaa. Tangu aajiriwe hakuna aliyefika pole ya tano. Kwa sheria akawa hana budi, akamwita daktari.

Daktari Ngwali alikuja akikimbia, mtu mrefu aliyechoka, koti limefungwa vifungo upande. Alimbonyeza Bi Kidawa tumbo mara moja tu. "Kidole tumbo," akamwambia Mashavu. "Kimevimba, kinataka kupasuka. Kikipasuka usaha utaenea tumbo zima. Lazima apasuliwe sasa hivi."

"Basi mpasue, daktari."

"Ningekuwa na ruhusa ningekuwa nimeshanawa mikono." Akashusha sauti. "Mgonjwa wa dirisha hili haguswi na kisu mpaka Kamati ya Maadili ikae."

Kamati ilikaa palepale, kukizunguka kitanda, kwa sababu kanuni zake zinasema maadili yajadiliwe karibu na mwenye shida ili asijihisi mpweke. Walikuwa waheshimiwa watatu, na mwenyekiti wao aliitwa Profesa Maneno, bingwa wa falsafa ya ukarimu, aliyewahi kuandika vitabu vingi vinene kuhusu mgeni bila kuwahi kumwona.

"Ndugu wajumbe," akaanza, huku Bi Kidawa akitetemeka chini ya shuka, "swali lililo mbele yetu si tumbo. Tumbo ni jambo la kupita. Swali ni methali yetu ya langoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawauliza, anayepona ni nani?"

"Mwenyeji," wajumbe wakaitikia.

"Sarufi imekwisha kutuamulia. Mgeni kazi yake ni kuja, na huyu bibi amekuja. Mgeni ametimiza wajibu wake. Sasa, je, wazee wetu walisema popote kwamba mgeni naye apone?"

"Labda waliona halihitaji kusemwa," Daktari Ngwali akasema.

"Daktari, wazee wetu hawakuwa watu wa kuacha mambo bila kuyasema."

Mjumbe wa pili, bibi mmoja aliyevaa miwani mikubwa, akaeleza wasiwasi wake kuhusu uvumi. Maumivu yana masikio, alisema. Likitibiwa tumbo moja la Bondeni hapa, matumbo yote ya Bondeni yatasikia, nayo yataanza kuuma makusudi. Mjumbe wa tatu akapendekeza njia ya kati: mgonjwa apasuliwe nusu, ili hospitali isilaumiwe na upande wowote.

"Mimi nilifundishwa matumbo, sikufundishwa mipaka," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Nimefungua matumbo ya kila namna nchi hii. Sijaona bendera ndani hata siku moja."

"Hukutafuta vizuri," akasema Profesa Maneno.

Mashavu alisimama ukutani, amejikumbatia ndani ya kanga yake ya kushukuru. Alitaka kupiga kelele, Huyo ni mama yangu, huyo aliyejikunja hapo ana jina. Lakini kelele ile ingetoka kwa lafudhi ya Bondeni. Akabaki anauangalia mkono wa mama yake uliokuwa umekamata chuma cha kitanda, kucha zimegeuka nyeupe.

Ulipofika wakati wa sambusa, Kamati ikaamua. Kwa huruma, kwa muda, na bila kuwa mfano kwa wengine, kisu kiruhusiwe, ilimradi mgonjwa asiwe ametamka kupona kabla ya kulazwa juu ya meza ya upasuaji. Karani wa Pole amsindikize mpaka mlangoni ili haki itendeke kwa pande zote. Wakapeana mikono, wakaenda kunywa chai. Profesa Maneno alisikika akisema hajawahi kushiriki mjadala wenye utu kama ule.

Basi safari ikaanza, ya kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji. Watu wenye afya huipita njia ile wakipiga mluzi. Daktari alitangulia kunawa. Kitanda cha magurudumu kilisukumwa na Nesi Salhina, msichana aliyeanza kazi wiki ileile, amevaa kofia iliyomzidi. Mashavu alishika upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alitembea Bwana Latifu, taratibu, kichwa amekiinamisha kama anayesindikiza jeneza.

"Pole kwa kusubiri, mama," akasema. "Waheshimiwa wanapenda kuongea."

Bi Kidawa aling'ata.

"Pole kwa kuacha kwenu. Nasikia Bondeni mlikuwa na minazi mizuri."

Aling'ata. Ncha ya kanga ilikuwa imelowa, na doa dogo jekundu likaanza kuenea pembeni mwa mdomo.

"Mwache, bwana," Mashavu akasema. "Mtu mzima huyu."

"Dada yangu, namfariji tu. Kuna ubaya gani kumfariji mtu?" Kisha akainama karibu na sikio la mgonjwa, na sauti ikashuka ikawa ile ya redioni, ile iliyokuwa ikiwatoa watu machozi jikoni. "Naona una pete ya ndoa na huna mume. Alikufia huko, sivyo? Na hukupata hata nafasi ya kumkalia matanga. Pole, mama. Pole kwa msiba wako."

Kitanda kikagonga ufa wa sakafu. Hakuna mtu wa Bondeni aliyewahi kupewa pole ya msiba akanyamaza. Hata vichaa hujibu. Baba yake Mashavu alizikwa kando ya njia, kwa mikono, usiku wa kukimbia, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa mama yake pole. Hakuna kabisa. Ile ilikuwa ndiyo ya kwanza.

Machozi yakamtiririka Bi Kidawa yakaingia masikioni. Kifua kikapanda, kikashuka. Neno lilionekana kabisa likipita kooni kwake, kama tonge. Akalimeza.

Bwana Latifu alijifuta paji la uso kwa leso. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa unaonekana, na daktari alikuwa amesimama hapo, mikono imeinuliwa inadondoka maji. Mashavu akaanza kuhesabu vigae kwa macho, akasema moyoni, bado kidogo mama, bado kidogo tu.

Mlangoni kitanda kilisimama ili pande zote mbili za mlango zifunguliwe. Nesi Salhina akamwona yule bibi kizee anavyolia kimyakimya. Bado alikuwa hajapata semina. Hakuna aliyemweleza kwamba neno lile lilikuwa limekwisha kuajiriwa na serikali. Akachukua pamba, akamfuta machozi, akamfuta na damu mdomoni, akamwambia kama ambavyo angemwambia bibi yake, "Pole, mama yangu."

Bi Kidawa aliitoa kanga mdomoni. Alikuwa amezipita zote za uongo. Hii aliitambua.

"Nishapoa, mwanangu," akasema.

Kisha Bi Kidawa akaongeza, na uso wake ukakunjuka kwa mshangao. "Ni kweli, nishapoa. Maumivu yamekatika. Sasa hivi, kama uzi."

Watu wawili walilisikia neno hilo kwa wakati mmoja. Bwana Latifu aling'aa uso. "Hongera, mama," akasema, akashika chuma cha kitanda upande wa miguuni.

Daktari Ngwali alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Yamekatika ghafla? Mungu wangu. Kimepasuka." Akakishika kitanda upande wa kichwani, kwa mikono ileile aliyokwisha kuinawa. "Mwingizeni. Mwingizeni ndani upesi."

"Amepona, daktari. Na mara hii ametamka mara mbili."

"Anakufa, wewe. Hiyo nafuu ni ya kufa."

"Kauli ya mgonjwa haipingwi na daktari. Ndiyo uzuri wa sheria yetu."

Kila mmoja akavuta kwake. Kitanda kikaenda ndani, kikarudi nje, kikaenda, kikarudi, na magurudumu yalilia kwa zamu. Bi Kidawa katikati alikuwa anasema, "Jamani msigombane kwa ajili yangu," na sauti yake ilikuwa inafifia. Nesi Salhina alikuwa ameziba mdomo kwa pamba. Bwana Latifu, licha ya shati lake safi, alikuwa na nguvu. Kitanda kikaanza kuelekea uani.

Mashavu aliona mkono wa mama yake ukiteleza na kuning'inia. Alitazama pande zote amtafute mtu wa kufanya kitu, na hofu yote aliyoijenga tangu mpakani, jiwe juu ya jiwe, ilikuwa imesimama ndani yake ikimwambia nyamaza. Akafungua kanga ya TUNASHUKURU MAPEMA, ikaanguka sakafuni.

"Bwana Latifu," akasema, kwa lafudhi ya Bondeni aliyokuwa ameifungia tangu aingie nchi ile. "Mimi sina kadi."

Karani akageuza shingo.

"Sina kadi, sina kibali, na siumwi chochote. Huyo ni mama yangu. Tumeingia pamoja. Na nina miguu mizuri sana ya kukimbia."

Hapa Bwana Latifu alipatwa na mtihani mkubwa kuliko wote wa kazi yake. Kwa kanuni, aliyelala anaweza kusubiri kwa kuwa hatakwenda popote. Mzima asiye na kadi hasubiriwi, maana ataondoka na miguu yake. Na mbele yake alisimama mzima aliyekiri, anaanza kurudi nyuma hatua moja, mbili. Mikono yake ikaachia chuma.

Kitanda, kwa kuvutwa upande mmoja, kiliruka ndani kama mtumbwi uliokatiwa kamba. Daktari akaanguka nacho, akainuka. Nesi Salhina akawafuata mbio, milango ikajifunga. Mashavu hakukimbia. Aliinyoosha mikono yake mwenyewe, maana ilikuwa inatetemeka mno na alitaka mtu aishike, hata kama ni huyo.

Gari la Waliopona lilikuwa limejaa. Yule mwanamume wa mguu alikuwa amelazwa kwenye mapaja ya nduguye. Kulikuwa na mama mwenye mtoto anayekohoa, na mzee aliyefungwa bandeji machoni. Wakambananishia nafasi.

"Wewe umepona nini, dada?" mama mwenye mtoto akamuuliza.

"Sikuwa mgonjwa."

"Alhamdulillahi. Angalau mmoja."

Baada ya saa nzima ya kumsubiri dereva, injini ikanguruma, vipaza sauti vikaanza wimbo wa shukrani, na lori likatoka uani taratibu, likiyumba. Mashavu alikuwa amekaza macho kwenye mlango wa nyuma wa hospitali. Likaingia barabarani. Hapo mlango ukafunguka, Nesi Salhina akatoka mbio, kofia imeanguka, glavu mikononi, joho la upasuaji limelowa damu kifuani. Alikimbia barabarani nyuma ya lori, akapungia, akapaza sauti.

"Anasema nini?" Mashavu akasimama, akashika chuma. "Zimeni huo wimbo. Anasema nini?"

Dereva hasikii yaliyo nyuma. Hakuajiriwa kwa hayo. Wimbo ulikuwa umefika kibwagizo. Mashavu aliiona midomo ya yule msichana ikifumba, ikafumbuka, ikawa duara. Neno likamfikia kipande tu, kama kombo la mkate lililorushwa kutoka mbali: po.

"Kasema amepona," mama mwenye mtoto akasema haraka. "Nimesikia, amepona."

"Mimi nimesikia pole," akasema mwenye mguu. "Pole sana, kasema."

"Amepona, bwana. Ungesikia mwishoni."

"Pole. Aliyepona hatangazwi kwa kilio."

"Kwani alikuwa analia?"

Wakaulizana wote, na kila mmoja aliona lake. Nesi alikwisha kuwa mdogo, kitone cheupe na chekundu katikati ya barabara, mkono bado uko juu. Mashavu alikaa chini polepole. Akaifumba midomo yake jinsi alivyoona imefumbwa, akaifumbua jinsi alivyoona imefumbuliwa. Akajaribu neno la kwanza, bila sauti. Akajaribu la pili. Yote mawili yalikienea kinywa chake sawasawa, na lori likaendelea kwenda.